Hiyo Roho Moja Ilikuwa Wapi?

Tunaomba radhi kwamba safu yetu ya vitabu safari hii haitazungumzia diwani wala riwaya mpya kutoka nyumbani, kama mlivyozoea. Tumesoma insha ya Kimarekani yenye umri wa zaidi ya miaka 180, na tumeisoma kwa sababu ya msiba.

Wengi wenu mnaoishi upande huu wa Massachusetts mlikuwepo. Mama mmoja wa jumuiya yetu alifiwa na mwanawe wa pekee, kijana ambaye hata miaka ishirini hakuitimiza. Siku ya pili ya matanga nyumba ilijaa. Walikuwapo waliokuja moja kwa moja kutoka nyumba za wazee wakiwa bado na sare za kazi, waliokesha wakibeba boksi, Waislamu na Wakristo, kama ilivyo desturi yetu. Akaja pia kijana wetu mmoja anayesoma chuo, aliyekuwa rafiki wa marehemu. Akapiga magoti mbele ya mama yule, akamshika mikono, akasema kwa upole: "Pole sana, Mama. Usifikiri ameondoka. Mungu si mtu aliyekaa mahali fulani. Mungu ni roho moja, fahamu moja, na sote tumo ndani yake: wewe, mimi na yeye. Hakuna aliyetengana na mwenzake."

Mama akamtazama, wala hakukasirika. Akamuuliza: "Mwanangu, jana usiku mimi nililia mpaka alfajiri. Wewe ulilala?"

"Nililala, Mama."

"Basi hiyo roho moja ilikuwa wapi?"

Hakuna aliyejibu. Mtu akaleta chai, mazungumzo yakahamia kwenye michango ya mazishi. Lakini swali lile lilitufuata nyumbani. Baadaye tulimuuliza kijana alikoyapata maneno yale, naye hakuficha: ni insha waliyosomeshwa darasani. Tukamwomba nakala. Sisi wanne wa kamati ya jarida hili tukakaa nayo Jumapili tatu mfululizo, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Insha inaitwa "The Over-Soul", jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kulitia "Roho Kuu", na mwandishi wake ni Ralph Waldo Emerson. Aliitoa mwaka 1841 katika kitabu chake cha kwanza cha insha. Emerson ni mtu wa hapa hapa tunapoishi. Alizaliwa Boston mwaka 1803, baba yake akiwa mchungaji, na yeye mwenyewe akawa mchungaji wa kanisa moja la Waunitari mjini humo kuanzia mwaka 1829. Mwaka 1831 mkewe wa kwanza, Ellen, alifariki kwa kifua kikuu akiwa na miaka 19 tu. Mwaka uliofuata Emerson aliacha uchungaji, kwa kuwa hakuweza tena kwa dhamiri safi kuwagawia waumini mkate na divai ya Meza ya Bwana. Baada ya kuzuru Ulaya alihamia Concord, mji mdogo ambao leo mtu wa Boston huufikia kwa treni kwa muda usiofika saa moja. Mwaka 1838 alitoa hotuba mbele ya wahitimu wa shule ya dini ya Harvard, akawaambia kwamba makanisa yamemkuza mno Yesu kama mtu na kusahau roho iliyomo ndani ya kila mtu. Wakubwa walichukia, ikapita karibu miaka 30 kabla Harvard haijamkaribisha tena kusema.

Kwa hiyo tusimchukulie kama mtu wa porojo. Alikuwa mtu aliyelipa gharama kwa ajili ya alichokiamini.

Insha yenyewe inasema nini? Kwa maneno yetu, inasema kwamba binadamu tunaishi vipande vipande, kila mtu na siku zake na shida zake, lakini chini ya vipande hivyo kuna umoja mmoja ambamo nafsi ya kila mtu imetiwa na kuunganishwa na nafsi za wengine wote. Fikira zikitujia, hazianzii kwetu. Sisi ni kama mto ambao chemchemi yake imefichika. Watu wawili wakizungumza, daima kuna wa tatu wanayemtegemea bila ya kumtaja, nalo ni umbile lao la pamoja. Na huyo wa tatu, anasema Emerson, si mtu. Ndiye Mungu.

Hapa lazima tuwe waadilifu, maana kuna mambo insha hii imeyaona vizuri. Nani miongoni mwetu hajakaa katika baraza au mkutano wa jumuiya, watu wakabishana tangu magharibi, kila mtu na lake, kisha ghafla neno moja likasemwa na kila aliyekuwapo akahisi kwamba ndilo alilotaka kusema yeye? Katika saa kama hiyo hakuna anayeuliza neno lilikuwa la nani. Emerson ameieleza hali hiyo vizuri kuliko mwandishi yeyote tuliyewahi kumsoma. Na habari ya kuwapo wa tatu si ngeni kwetu. Muislamu ataikumbuka aya ya sura ya Mujadila kuhusu wanaonong'onezana faraghani, na Mkristo ataikumbuka ahadi ya Injili kuhusu wawili au watatu waliokusanyika. Tofauti ni moja tu, lakini ni kubwa. Katika vitabu vyetu huyo aliyepo pamoja na wanaozungumza anawasikia. Kwa Emerson, yeye ndiye mazungumzo yenyewe.

Tatizo la insha linaanza pale anapoingia mtu mwenye shida. Tuliisoma tukimtafuta mama yetu ndani yake, na tulimpata mahali pamoja tu. Emerson anasema kwamba watu hupenda kuiuliza roho maswali: je, tutaishi baada ya kufa, marafiki zetu watakuwa wapi, huko tutafanya kazi gani? Maswali hayo anayaita udadisi wa chini. Roho, kwa maoni yake, haijibu kwa lugha hiyo, na mwenye kuishi ndani ya roho hana haja ya kuuliza. Sasa tumweke hapo mama aliyezika mwanawe wiki hiyo. Swali lake la kwanza, la pili na la tatu ni moja: mwanangu yuko wapi? Insha haimjibu, tena inamwambia kwamba kuuliza kwenyewe ni upungufu.

Katika kitabu hicho hicho cha 1841 kuna insha nyingine mashuhuri zaidi, ile ya kujitegemea, na humo Emerson anagusa sala. Anasema kwamba kuomba kwa ajili ya haja yako binafsi ni jambo la unyonge, na kwamba maombi ya namna hiyo yanadhania kuna wawili, mwombaji na mwombwa, wakati ukweli ni umoja. Mtu akishakuwa kitu kimoja na Mungu hataomba tena. Tunamshukuru kwa kusema wazi. Vijana wetu wengi hulichukua nusu ya kwanza ya wazo hili, ile tamu ya kwamba sote ni wamoja, wala hawaambiwi kwamba nusu ya pili inaifuata: dua inakwisha. Ukiondoa "wewe" wa kuambiwa "nisaidie", hakuna tena wa kuambiwa. Anabaki mtu chumbani mwake usiku wa manane, na theluji nje, akizungumza na nafsi yake kubwa.

Pengine msomaji atasema tunamwonea, tunampima mwanafalsafa kwa machozi ya mfiwa. Basi na tumpime kwa machozi yake mwenyewe. Emerson alikuwa na mtoto wa kiume aliyeitwa Waldo, mzaliwa wa kwanza wa ndoa yake ya pili. Mtoto huyo alifariki tarehe 27 Januari 1842 kwa homa ya vipele vyekundu, akiwa na miaka mitano. Insha ya Roho Kuu ilikuwa haijatimiza hata mwaka tangu ichapishwe.

Mwaka 1844 Emerson alitoa kitabu cha pili cha insha, na ndani yake kuna moja inayoitwa "Experience". Tunamshauri kila anayeisoma ile ya kwanza asiiweke chini kabla ya kuisoma na hii. Mwandishi aliyefundisha kwamba nafsi zote zimeungana chini kwa chini sasa anaandika kwamba nafsi haigusi kamwe inachokitamani, kwamba kati yetu na tuwapendao kuna bahari isiyovukika. Anamtaja mwanawe. Anasema kumpoteza kumekuwa kama kupoteza shamba zuri: ni hasara kweli, lakini hawezi kuivuta ikamkaribia, na huzuni haikumfundisha kitu. Baadhi ya wasomaji wamemlaumu kwa ubaridi wa maneno hayo. Sisi hatukuona ubaridi. Tuliona mtu aliyeuliza swali lile lile la mama yetu, "ilikuwa wapi?", akalitafuta jibu katika maandishi yake mwenyewe, akalikosa, na akawa na ujasiri wa kuchapisha kwamba amelikosa.

Hatudai kwamba baada ya hapo aliliacha wazo lake, hakuliacha. Tunachosema ni kwamba vyuo vingi humpa kijana insha ya 1841 peke yake, naye huja nayo matangani kama dawa, wakati aliyeitunga aliijaribu kwenye kidonda chake mwenyewe na haikushika.

Sasa turudi kwenye lugha yetu, maana maneno ya kijana yalisemwa kwa Kiswahili, na Kiswahili nacho kina la kusema. Neno Mungu kwa umbo lake limekaa pamoja na mto: mto na mito, Mungu na miungu. Kwa umbo peke yake lingeweza kuwa jina la kitu kinachopita, kama ule mto wa Emerson. Lakini kitenzi kinakataa. Twasema mto unapita, ila hatusemi Mungu unasikia. Twasema Mungu anasikia. Tangu zamani wazee wetu walilichukua neno lenye umbo la vitu, wakalipa upatanisho wa watu. Ukisema kwamba Mungu ni fahamu, unalazimika kuendelea: fahamu hii inajua, inatuunganisha, imo ndani yetu. Umetoka kwenye "anajua" ukaingia kwenye "inajua", na msikilizaji anahisi kuwa kuna aliyetoka chumbani, hata kama hajui kueleza ni nani.

Mmoja wetu, mzaliwa wa Bujumbura, alitusimamisha hapo, na alikuwa na haki. Alitukumbusha kwamba katika Kirundi na Kinyarwanda Mungu ni Imana, neno la ngeli ambayo kwetu ni ile ya nyumba na nguo, na upatanisho wake ni huo huo wa "i". Je, bibi zake walikuwa wakiomba kitu? Hata kidogo. Waliiomba Imana kama mtu anavyomwomba mzazi, wakaishukuru na kuilalamikia. Kwa hiyo tunakiri kwamba sarufi haithibitishi chochote juu ya Mwenyezi Mungu, na pengine ni vizuri kwamba haithibitishi. Lakini bibi yule wa Burundi na mama yetu wa Massachusetts wanakutana mahali pamoja: wote wawili wanasema "wewe". Lugha ikitumia "a" au ikitumia "i", cha kuangalia ni kama bado kuna wa kuambiwa.

Kuna msomaji atakayeuliza: je, wazo hili si la kwetu pia? Masufi hawakusema hivyo hivyo? Swali ni la haki, na Emerson mwenyewe angelipenda, kwani mwaka 1846 alianza kumsoma Hafidh wa Shiraz katika tafsiri ya Kijerumani, na mwaka 1858 aliandika makala juu ya ushairi wa Kiajemi. Ni kweli kwamba katika tasawwuf kuna mafundisho ya umoja wa kuwapo, ambayo huhusishwa na Ibn Arabi, aliyezaliwa Murcia mwaka 1165 na kufariki Damascus mwaka 1240. Ni kweli pia kwamba mafundisho hayo yalibishaniwa vikali na Waislamu wenyewe. Sheikh Ahmad Sirhindi wa India, aliyefariki mwaka 1624, alijibu kwamba umoja anaouona mja katika hali yake ni umoja wa kuona tu: jua likichomoza nyota hazionekani, lakini hazikutoweka.

Huko pwani yetu, tariqa ya Qadiriyya ilienea sana mwishoni mwa karne ya 19 kwa juhudi za Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909. Waliokulia Zanzibar, Bagamoyo au Lamu wanaijua dhikri: safu ya watu waliosimama, pumzi zao zikipanda na kushuka pamoja mpaka huwezi kujua sauti hii ya nani. Kama kuna mahali ambapo fahamu za watu huwa moja, ni pale. Lakini sikilizeni kinachotoka vinywani mwao. Ni Jina. Wanamwita. Watu mia wamekuwa pumzi moja ili wamwite mmoja, wala hawakuwa pumzi moja ili wagundue kwamba hakuna wa kuitwa.

Na ule usemi wetu wa mtu ni watu? Kijana wetu aliutaja alipojitetea, na si yeye peke yake anayeuchanganya na Roho Kuu ya Emerson. Tuutazame vizuri. Usemi unasema watu, kwa wingi. Hausemi kwamba mtu na mwenzake ni kitu kimoja. Unasema kwamba mtu hatimii bila ya wengine ambao si yeye: wa kumzaa, wa kumlea, wa kumnyoosha anapopinda, wa kumzika. Kama sote tungekuwa mmoja tangu mwanzo, hakungekuwa na haja ya mtu kutoka nyumbani kwake kwenda kwa jirani.

Jambo hili lina uzito wake hapa Marekani. Wazo la roho moja lilipaswa kuwa silaha dhidi ya utumwa na ubaguzi, na kwa kiasi fulani Emerson alilitumia hivyo: mwaka 1844 alihutubia Concord kuadhimisha ukombozi wa watumwa wa visiwa vya Waingereza vya Karibi, na baada ya mwaka 1850 aliisema vibaya sheria ya kuwakamata watumwa waliotoroka. Lakini mtu huyo huyo mwaka 1856 alitoa kitabu juu ya Waingereza, chenye sura nzima juu ya mbari, ambamo anaisifu damu ya Kisaksoni. Roho ilikuwa moja, ila damu zilipangwa madaraja. Sisi tunaoulizwa kila siku lafudhi yetu ni ya wapi tunajua kwamba mtu anaweza kuamini umoja wa viumbe wote saa ya asubuhi, na mchana akakunyima chumba cha kupanga. Umoja unaotangazwa hauna gharama. Anayeutangaza anaweza kurudi kulala.

Basi hukumu yetu ni hii. Insha ya Roho Kuu ni insha nzuri, na vijana waisome. Inafundisha unyenyekevu: fikira zako si mali yako peke yako, na aliye mbele yako, hata asiyejua kusoma, anakunywa kutoka chemchemi unayokunywa wewe. Kosa lake ni kuchukua jambo ambalo watu hulifikia kwa taabu, mara chache, na kwa kupendana, na kulifanya kuwa habari iliyokwisha kuwa kweli, ya kumpelekea mfiwa. Pia inamwondoa yule ambaye mfiwa anazungumza naye, na badala yake inampa kioo.

Tukirudi matangani, tungependa msifikiri kwamba kijana yule aliaibika na kukimbia. Jioni ile kina mama waliandika ratiba ya zamu kwenye karatasi na kuibandika kwenye friji, ili mama asilale peke yake kwa siku arobaini. Waliokuwa na kazi za usiku walijiandikia mchana, na waliokuwa na kazi za mchana walijiandikia usiku. Kijana alisoma karatasi ile, akaomba kalamu. Usiku wa nne ulikuwa wake, pamoja na shangazi yake. Alituambia kwamba hawakuzungumza sana. Mama alilia, naye alikuwa macho. Karibu na alfajiri mama alisimama, akatandika, akaanza kuomba kwa sauti ya chini, naye kijana akabaki pale pale kwenye kochi akimsikiliza akimwambia Mungu mambo ambayo hakuwa ameyaambia watu.

Tulimuuliza: sasa unaionaje insha ya Emerson? Akasema bado anaipenda, ila haisomi tena kama zamani. Hatukumdai zaidi ya hapo.

Wasomaji wenye maoni, hasa mliowahi kuisoma insha hii au mnaoona tumeidhulumu, tunangoja barua zenu kwa toleo lijalo. Mungu awalinde huko mliko, na awape subira wafiwa wote.